Kivuko Hakikutokana na Upepo: Hotuba kwa Walimu wa Kiingereza, Mwanza

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa walimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Mwanza. Waliokosa kufika wameomba waisome, nami naiweka yote kama nilivyoisema. Ya kwenye skrini nimeyaacha.

Mwenyekiti wa mkutano, wakuu wa shule mliopo, walimu wenzangu wa Nyamagana na Ilemela, nanyi mliovuka maji kutoka Ukerewe na mliopita darajani kutoka Sengerema: mwangaluka! Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nimepewa saa moja nizungumzie sababu. Si sababu za wanafunzi kufeli. Hizo tumezijadili tangu asubuhi na bado hatujaelewana. Nazungumzia namna sababu inavyoandikwa katika sentensi ya Kiingereza: "because", "because of", "due to", "owing to", "since", na ukoo wao mzima. Mtasema ni jambo dogo. Ni dogo mpaka siku mtoto uliyemfundisha anapokuwa karani, askari wa kuandika maelezo, muuguzi wa zamu, katibu wa chama cha ushirika. Hapo ndipo swali linapokuja: kilichosababishwa ni nini hasa? Nani kasababisha nini?

Tuanze na sentensi ambayo kila mmoja wetu ameisoma imebandikwa mahali: "The ferry was delayed due to strong winds." Wangapi hapa wangeweka vema? Naona mikono. Wangapi wangeikata kwa kalamu nyekundu? Haya. Na ninyi ambao hamjanyosha popote, mnaangalia kwanza jirani amenyosha wapi. Nawajua, nami nimekaa viti hivyohivyo.

Neno "due" limetoka Kilatini likapitia Kifaransa, na maana yake ya asili ni kinachodaiwa. Hadi leo kodi ya nyumba ikifika tarehe yake Mwingereza anasema ni "due". Kwa kuzaliwa ni kivumishi, na kivumishi kinataka nomino ya kuifafanua. Ndiyo maana wanasarufi wa mapokeo wanasema "due to" ikae na nomino. Ama iifuate papo hapo, "delays due to strong winds", ama iwe upande wa pili wa kitenzi "to be", "The delay was due to strong winds". Lakini "because of" ni ya kitenzi, inaeleza kwa nini jambo lilitendeka: "The ferry was delayed because of strong winds."

Sasa rudini kwenye tangazo letu. Nomino iliyopo mbele ya "due to" ni ipi? Ni "the ferry". Je, kivuko ni tokeo la upepo? Upepo ulizaa kivuko?

Vitabu vingi vinatoa kipimo hiki: ondoa "due to", weka "caused by", kisha sikiliza. "The delay was caused by strong winds", sawa. "The ferry was delayed caused by strong winds", haikubali. Kipimo kizuri kabisa, ila kwetu kina kasoro moja. Kinamtegemea mtu mwenye sikio la Kiingereza. Nilikuwa nakifundisha kidato cha tatu, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, mbona ya pili nayo naisikia iko sawa tu?" Darasa likacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Sikio la Kiingereza atalipata wapi? Nyumbani Kisukuma, sokoni Kiswahili, Kiingereza dakika 40 kwa kipindi, tena siku umeme upo na mwalimu hana kikao.

Nikamwuliza: "Kwa Kiswahili, ucheleweshaji ulitokana na nini?" Akajibu, "Ulitokana na upepo." "Na kivuko kilitokana na nini?" Akanyamaza, akatabasamu. Mvulana wa pembeni akadakia: "Kivuko kilitokana na serikali!"

Walimu wenzangu, hicho ndicho kipimo nilichokuja nacho leo. Mkisahau mengine yote, msikisahau hiki. Tuna lugha ambayo kitenzi chake hakiwezi kumficha mwenyewe. Ukitaka kusema jambo lilitoka kwenye sababu fulani, unalazimika kumtaja kwa kiambishi: ulitokana, yalitokana, uliotokana, kilichotokana. Ukiweza kuweka kiambishi cha nomino na sentensi ikabaki na akili, andika "due to". Ukiweka kiambishi sentensi ikawa kichekesho, ikakulazimu urudi kwenye "kutokana na" tupu, isiyo na mwenyewe, andika "because of".

Tujaribu pamoja. "The damage to the nets was", nafasi, "water hyacinth." Uharibifu wa nyavu ulitokana na gugumaji? Ulitokana. Basi? "Due to." Vizuri. Ya pili: "The boats could not land", nafasi, "water hyacinth." Mitumbwi ilitokana na gugumaji? Aha, mnacheka. Mtumbwi unatokana na mbao na fundi. Kwa hiyo? "Because of." Ya tatu, ya watu wa Kirumba: "Losses", nafasi, "power cuts are common." Hasara zinazotokana na kukatika umeme. Zinazotokana, kiambishi kipo, "due to". Mmeona? Hakuna aliyehitaji sikio la London.

Na hapahapa tunajua kosa linazaliwa wapi. Mtoto amekariri kwamba "due to" ni "kutokana na". Hajakosea, ila amepewa nusu. Kutokana na ukungu ndege haikutua. Kutokana na msiba kikao kimeahirishwa. Kutokana na foleni nimechelewa. Kiswahili kinaruhusu "kutokana na" ianze sentensi yoyote, naye anaibeba ruhusa hiyo mpaka upande wa Kiingereza. Ndipo tunaposoma insha yenye "due to" kila mstari wa pili.

Kuna atakayesema, mzee, unatufundisha Kiingereza cha enzi za mkoloni. Kweli, kanuni hii ina historia, na mwalimu aijue asije akaumbuliwa na mwanafunzi mwenye simu. Mwaka 1926 Mwingereza H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliandika kwamba wanaoitumia "due to" kwa namna ya "owing to" ni wasiosoma. Maneno makali hayo. Lakini Oktoba 14, 1957, mjini Ottawa, Malkia Elizabeth II alifungua Bunge la Kanada kwa hotuba iliyoandaliwa na serikali ya huko, na humo mlikuwa na sentensi juu ya wakulima wa nafaka iliyoanza hivi: "Due to inability to market their grain". Mnaiona? Wakulima hawakutokana na kushindwa kuuza nafaka. Kwa kipimo cha Fowler, Malkia naye angeingia kwenye kundi la wasiosoma.

Na hiyo "owing to" ambayo Fowler aliikubali, nayo ilianzia kwenye deni. Ni ya kitenzi "owe". Ilipita njia ileile, ikatoka kwenye kufafanua nomino mpaka ikazoeleka popote, na watu wakaacha kuilalamikia. "Due to" inaifuata nyuma. Kamusi kubwa za leo zinaikubali katika matumizi yote mawili, na zingine zinaongeza kwamba wapo wasomaji wanaochukizwa.

Sasa mimi msimamo wangu ni upi? Simfelishi mtoto kwa "The ferry was delayed due to strong winds." Namwonyesha, namweleza kwamba yupo bosi au mhariri atakayemkata, na kwamba "because of" hapo haikatwi na mtu yeyote. Kwa nini uchague neno la kugombaniwa wakati lipo lisilo na ugomvi?

Ila kuna kosa ambalo silisamehi: "He was absent because of he was sick." Na ndugu yake: "due to he was sick." Hili halina Fowler wala Malkia wa kulitetea. "Of" na "to" hapo zinataka nomino, si kishazi kizima chenye mtenda na kitenzi. Na ajabu ni kwamba mtoto yuleyule hasemi "kwa sababu ya aliumwa". Hasemi hata akiwa usingizini! Anasema "kwa sababu aliumwa", au "kwa sababu ya ugonjwa". Sheria anayo tayari kichwani, "ya" ikiwepo nomino ifuate. Mkumbushe tu kwamba "of" ni "ya" yake. Dakika tano zinatosha. Na "The reason is because" nayo iondoeni. Ni sawa na kusema sababu ni kwa sababu. Tusonge.

Jambo langu la pili ni mahali. Kirai cha sababu ni mtumbwi. Ukiufunga kwenye mti usio wake, asubuhi utaukuta kwa jirani. Sentensi nzuri ya sarufi, maneno sahihi yote, lakini sababu imefungwa kwenye kitenzi cha mtu mwingine.

Kijana mmoja niliyemfundisha alipata ukarani katika kiwanda cha samaki mkoani humu. Kiwanda chenyewe tukiache. Jumatatu moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya ziwani isiyo na adabu, na watu wengi hawakufika kazini. Uongozi ukaamua kwamba mvua si kisingizio, aliyebaki nyumbani kwa ajili ya mvua halipwi siku hiyo. Kijana akaambiwa aandike tangazo kwa Kiingereza. Akaandika: "Workers who stayed at home on Monday will not be paid because of the rain."

Someni tena taratibu. Alitaka kusema nini? Na amesema nini? Waliobaki nyumbani hawatalipwa, na kinachowanyima mshahara ni mvua. Mvua imekuwa mhasibu! Mama mmoja wa kitengo cha kupara samaki akauliza mbele ya ubao wa matangazo, "Kwa hiyo mvua imekula mishahara?" Halafu mzee mmoja, fundi wa mashine za barafu, akaja na tafsiri ya tatu. Alisema tangazo halijasema hawatalipwa. Limesema hawatalipwa kwa sababu ya mvua. Basi walipwe kwa sababu nyingine, sababu ziko nyingi. Kijana anasema mjadala ule ulichukua muda mrefu kuliko mvua yenyewe.

Dawa yake ni nini? Maneno yaleyale, hata moja halijaongezwa: "Workers who stayed at home on Monday because of the rain will not be paid." Waliobaki nyumbani kwa sababu ya mvua. Sababu imehamia karibu na kitenzi chake, na ubishi umekwisha. Umebaki ubishi wa haki, lakini huo si wa mwalimu wa Kiingereza.

Yule mzee wa barafu tusimpuuze, maana amegusa sehemu ngumu kuliko zote katika somo hili: kukanusha pamoja na sababu. Nataka tukae hapa kidogo. Chukueni muhtasari wa mkutano wa chama cha akiba na mikopo, chochote kile: "The treasurer did not resign because of the loan." Wewe hukuwepo mkutanoni. Mhazini yupo ofisini au ameondoka?

Nasikia "yupo". Nasikia na "ameondoka". Nyote mko sahihi, na hapo ndipo shida ilipo. "Not" inaweza kukanusha kujiuzulu: hakujiuzulu, na mkopo ndio uliomzuia, labda bado anaulipa. Au "not" inaweza kuruka ikaenda kukanusha sababu: alijiuzulu ndiyo, ila si kwa ajili ya mkopo. Kwa mdomo tunajiokoa kwa mkazo wa sauti. Kwenye karatasi hakuna sauti. Na Kiswahili hapa hakitusaidii sana, maana "hakujiuzulu kwa sababu ya mkopo" ina mtego uleule.

Basi mfundisheni mwanafunzi njia za kutokea. Kama mhazini yupo, atangulize sababu: "Because of the loan, the treasurer did not resign." Au, kama anatumia kishazi, aweke mkato kabla ya "because": "The treasurer did not resign, because he still owed the society money." Kama ameondoka, aseme wazi kwamba ameondoka: "The treasurer resigned, but not because of the loan." Mimi hii ya mwisho ndiyo naipenda. Ukiwa na neno la kukanusha na "because" katika sentensi moja, jiulize mara mbili. Ukiwa unaandika maelezo ya polisi, jiulize mara tatu.

La tatu nitalipitia haraka kwa kuwa mwenyekiti ameshaanza kutazama saa. Kiingereza kinaweza kutoa sababu bila "because" wala "due to", kwa kuanza na "being" au "having". "Being tired, the fishermen slept." Wavuvi kwa kuwa walichoka, walilala. Hapo kanuni ni kwamba anayeanza kufafanuliwa ndiye awe mtenda anayefuata. Sasa sikilizeni hii, kutoka insha ya safari: "Being a market day, the conductor raised the fare." Nani ni siku ya gulio? Konda!

Kiswahili kisingemruhusu mtoto huyu. Angesema "ikiwa siku ya gulio, konda alipandisha nauli", na ile "i" ingetujulisha kwamba si konda anayesemwa. Kiambishi tena, mnaona? "Akiwa siku ya gulio" haisemwi na yeyote kati ya hapa na Bukoba. Mwambie aandike "Because it was a market day", amalize. Lakini nawatahadharisha kwamba kiambishi kina mwisho wa nguvu zake. "Akiwa mgonjwa, mwalimu alimrudisha mwanafunzi nyumbani." Mgonjwa nani? Wote wawili ni watu, wote wanachukua "a", na Kiswahili kinakuacha gizani kama Kiingereza. Hapo taja mgonjwa kwa jina au cheo, usitegemee sarufi ikufanyie kazi.

Na "since". Hili ni letu kabisa tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Mwanafunzi anaandika: "Since the bridge was opened, my uncle sold his boat." Tangu lifunguliwe, au kwa kuwa lilifunguliwa? Muda au sababu? Mjomba ameuza mtumbwi kwa sababu abiria wamehamia darajani, au aliuza tu baadaye kwa shida zake? Kiswahili kina "tangu" kando na "kwa kuwa" kando, hazichanganyiki. "Since" inabeba yote mawili, na "as" nayo ni hivyohivyo. Panapoweza kusomeka muda, na wewe unakusudia sababu, andika "because". Wapo waliofundishwa kwamba "because" haianzi sentensi. Inaanza. Kinachokatazwa ni kuanza nayo ukaishia hapohapo: "Because it was raining." Nukta. Halafu? Tunangoja.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili.

Mwalimu mmoja kutoka Ukerewe aliuliza kama "thanks to" inaruhusiwa kwa jambo baya. Inaruhusiwa, lakini inakuwa kejeli. "Thanks to the new cold room, the fish stayed fresh" ni shukrani ya kweli. "Thanks to the power cut, the fish went bad" ni mtu anayesema kwa uchungu huku anacheka. Kwenye insha ya kusimulia ni tamu. Kwenye barua ya madai ya bima isikaribie.

Dada mmoja wa Ilemela akauliza swali ambalo nadhani wengi walikuwa nalo: wanafunzi wake wakishajua kwamba "due to" haipendi kishazi, wanakimbilia "due to the fact that". "The match was postponed due to the fact that the pitch was flooded." Sarufi imekaa, kwa maana "fact" ni nomino. Je, aikate? Nikamjibu: dada yangu, ikate, maneno yote matano, juu yake andika "because", na maksi yake usimpunguzie.